Kwaya ya chuo Texas: jina kubwa au mkono wa mwalimu?

Kila mwaka kuelekea mwisho wa mwezi Agosti, vijana hupanga foleni nje ya vyumba vya mazoezi katika vyuo vikuu vya eneo la Dallas na Fort Worth, kila mmoja akiwa na wimbo wake kichwani na dakika chache tu za kuuimba mbele ya majaji. Miongoni mwao wamo vijana wa Afrika Mashariki. Baadhi wamekulia hapo hapo Irving, Arlington na Grand Prairie; wengine wametoka moja kwa moja Moshi, Kisumu, Kampala au Bukavu.

Wengi wao wameimba tangu utotoni. Hata hivyo, hapa wanakutana na swali ambalo nyumbani halikuwahi kuulizwa: uimbe katika kwaya ipi, na chini ya mwongozaji yupi?

Swali hilo laweza kuonekana dogo, kwani katika vyuo vingi kwaya huhesabiwa krediti moja tu, ijapokuwa mazoezi yake hula saa tatu hadi tano kwa wiki. Lakini ndani ya krediti hiyo moja mna ada ya masomo, afya ya koo, na mara nyingine kazi atakayoipata mhitimu miaka minne baadaye.

Nyumbani kwaya haichaguliwi

Katika usharika wa Kilutheri wa Tanzania au parokia ya Kikatoliki nchini Kenya, mtu hachagui kwaya kama anavyochagua kitambaa dukani. Huikuta. Kuna kwaya kuu, kwaya ya vijana, kwaya ya akina mama na kwaya ya uinjilisti, na umri, mtaa au ukoo humwonyesha mtu mahali pake.

Kwaya hiyo ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Huchangia harusi, huzika wafu wake na kuwatembelea wagonjwa. Msomi wa Kimarekani Gregory Barz, aliyezitafiti kwaya za Dar es Salaam na kuchapisha kitabu chake mwaka 2003, alizieleza kuwa ni jumuiya kamili ambamo kuimba ni sehemu moja tu ya maisha ya pamoja.

Mwalimu wa kwaya naye ni mwana jumuiya. Mara nyingi ndiye mtunzi wa nyimbo, hulipwa kidogo au halipwi kabisa, na akikosea hukosolewa na kamati.

Katika chuo kikuu cha Marekani mambo ni mengine. Mwongozaji ni profesa aliyeajiriwa, mara nyingi mwenye shahada ya udaktari katika uongozaji wa kwaya, na mwisho wa muhula hutoa alama. Wapo wanaomwita kondakta, neno ambalo kwa abiria wa daladala lina picha nyingine kabisa ya mtu anayening'inia mlangoni akidai nauli.

Mwanafunzi anayesomea uimbaji au ualimu wa muziki kwa kawaida hulazimika kuwa katika kwaya fulani kila muhula. Hupimwa sauti, hupewa wimbo asioujua ausome papo hapo, na huandika ni kwaya ipi angependa zaidi. Kisha waongozaji hukaa pamoja na kugawana sauti: huyu anahitaji tena wawili, yule amepungukiwa besi. Majina hutangazwa baada ya siku chache.

Kwa maneno mengine, mwanafunzi huchagua nusu, na nusu nyingine huchaguliwa. Chaguo alilo nalo kikamilifu ni lile la mwanzo: aende chuo gani.

Kutoka Irving, njia nne

Irving ni mji wa watu zaidi ya 250,000 ulio katikati ya Dallas na Fort Worth, na sehemu ya uwanja mkubwa wa ndege wa eneo hilo imo ndani ya mipaka yake. Kwa familia inayoishi hapo, shule kadhaa za muziki za daraja na tabia tofauti ziko umbali wa safari ya gari isiyozidi saa moja, foleni za barabarani zikiwa na huruma.

Kaskazini, mjini Denton, kuna Chuo Kikuu cha North Texas. Chuo chake cha muziki ni miongoni mwa vilivyo vikubwa zaidi nchini Marekani, na ndicho kilichoanzisha shahada ya kwanza ya jazi nchini humo mwaka 1947. Mashariki, upande wa Dallas, kuna Southern Methodist, chuo binafsi chenye ada ya juu. Kusini-magharibi kuna Chuo Kikuu cha Texas mjini Arlington, cha umma, ambacho wahamiaji wengi hukipenda kwa sababu kijana anaweza kuendelea kulala nyumbani. Na ndani ya Irving yenyewe kuna Chuo Kikuu cha Dallas, cha Kikatoliki, kilichofunguliwa mwaka 1956.

Denton ndiko majina makubwa yaliko. Kwaya ya A Cappella, ambayo kama jina lake lisemavyo huimba zaidi bila ala, ina historia ndefu. Collegium Singers ni kundi dogo linalojishughulisha na muziki wa kale wa Ulaya. Kwaya kubwa iitwayo Grand Chorus hukusanya makundi pamoja kwa ajili ya kazi nzito zinazoimbwa na okestra katika ukumbi wa Winspear, ulio ndani ya jumba la Murchison lililofunguliwa mwaka 1999.

Kijana aliyewaona waimbaji hao kwenye video hutamani kuwa mmoja wao mara moja. Hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika. Katika chuo chenye wanafunzi wengi wa shahada za juu, kwaya ya kwanza hujaa watu wa miaka 25 na 28 ambao sauti zao zimekwisha kukomaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata mwenye kipaji, anaweza kuanzia katika kwaya ya tatu, ambayo huenda ikaongozwa na mwanafunzi wa udaktari badala ya profesa mwenye jina.

Hilo si lazima liwe hasara. Mwanafunzi wa udaktari anayeongoza kwaya yake ya kwanza huandaa kila zoezi kwa makini, na ana muda wa kumsikiliza besi mmoja anayepotea. Lakini aliyekwenda Denton kwa sababu ya jina la profesa fulani ajue kwamba anaweza kumaliza miaka miwili bila kuimba chini ya mkono wake.

Dola 1,000 zinazoamua

Jambo ambalo familia nyingi hulijua wakati umekwisha kupita ni la fedha.

Sheria ya elimu ya Texas inaviruhusu vyuo vikuu vya umma kumtoza mwanafunzi asiye mkazi wa jimbo hilo ada ya mkazi, iwapo amepata ufadhili wa ushindani usiopungua dola 1,000 kwa mwaka wa masomo. Ufadhili huo sharti uwe umeshindaniwa na wakazi wa Texas pia, na chuo kimewekewa kikomo cha asilimia 5 ya wanafunzi wake. Raia wa nchi za kigeni hawakuachwa nje.

Tofauti kati ya ada ya mkazi na ya mgeni katika vyuo hivyo imekuwa zaidi ya dola 400 kwa kila krediti katika miaka ya karibuni. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo analazimika kuchukua angalau krediti 12 kila muhula. Kwa hesabu hiyo, dola 1,000 alizopewa kwa sababu ya sauti yake zinaweza kumpunguzia zaidi ya dola 9,600 kwa mwaka. Kwa mzazi wa Arusha au Eldoret hizo si fedha za kubahatisha.

Shule za muziki hutoa ufadhili wa aina hii kwa kuangalia usaili, na sauti zinazohitajika ndizo hupewa kipaumbele. Sauti za kiume ni adimu karibu kila mahali, kwa hiyo tena mzuri ana nguvu ya kujadiliana ambayo soprano hodari zaidi yake hana. Si haki, lakini ndivyo soko la kwaya lilivyo.

Upande wa pili wa shilingi ni huu: mara nyingi fedha hizo hufungamanishwa na kuimba katika kwaya anayopangiwa. Akiacha kwaya katikati ya mwaka kwa kutoelewana na mwongozaji, anaweza kupoteza ufadhili, na pamoja nao ada nafuu. Kwa hiyo kabla ya kutia saini barua ya ufadhili, inafaa kuuliza kwa maandishi mambo mawili: je, ufadhili unampa ada ya mkazi, na je, utabaki iwapo atahamishiwa kwaya nyingine?

Kwa vijana ambao wazazi wao wana ukazi wa kudumu na wameishi Texas kwa miezi 12 au zaidi, suala hili kwa kawaida halipo. Wao tayari ni wakazi. Kwa wanaotoka nje, ugumu huanzia mbali zaidi, kwa kuwa masharti ya viza yamekazwa tangu mwaka 2025 kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika, na aliye na nia ya kusafiri hana budi kuyachunguza kabla hajalipia usaili.

Mikondo miwili ya sauti

Fedha zikishapatikana, linabaki koo.

Kwaya za vyuo vya Marekani zimerithi mikondo miwili inayovutana. Mwaka 1912 F. Melius Christiansen, mzaliwa wa Norway, alianzisha kwaya ya chuo cha Kilutheri cha St. Olaf huko Minnesota. Alitaka sauti zilizonyooka, zisizotikisika, zinazoyeyuka pamoja kiasi kwamba sikio haliwezi kumtenga mwimbaji mmoja. Mwaka 1920 John Finley Williamson akaanzisha kwaya ya Westminster katika kanisa moja la Dayton, Ohio. Yeye alitaka kila mwimbaji atoe sauti yake nzima, kama aimbaye peke yake, na umoja upatikane kutokana na nguvu hizo.

Denton ulipata mbegu zake kutoka mkondo wa pili. Wilfred Bain, aliyefika huko mwaka 1938 na kuijenga idara ya muziki, alikuwa amesoma kwa Williamson. Mwaka 1947 aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Indiana. Hiyo nayo ni habari ya kukumbuka kwa kila anayechagua chuo kwa ajili ya mtu mmoja: waongozaji wazuri huitwa kwingine, na kwaya hubaki na jina lile lile huku sauti ikibadilika.

Siku hizi waongozaji wengi husimama mahali fulani kati ya mikondo hiyo miwili, na huhama kutoka huku kwenda kule kulingana na wimbo. Tatizo huja pale mwimbaji mwenye sauti kubwa ya asili, kama wengi waliokulia katika kwaya za Afrika Mashariki ambako ukumbi hauna vipaza sauti na ngoma iko pembeni, anapoagizwa kila siku kuibana ili asisikike. Akiibana kwa misuli ya koo badala ya kuidhibiti kwa pumzi, huumia.

Mwalimu wake wa sauti, anayekutana naye peke yake mara moja kwa wiki, atamwambia aifungue. Mwongozaji atamwambia aifunge. Mvutano huo ni wa zamani na uko katika vyuo vingi. Mwanafunzi ndiye hubaki katikati. Vyuo ambako mwalimu wa sauti na mwongozaji huzungumza kuhusu mwanafunzi wao ni vyema kuliko vyuo ambako hawasalimiani, na jambo hilo hufahamika kwa kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu, si kwa kusoma vipeperushi.

Solfa si aibu

Hofu kubwa ya kijana aliyetoka nyumbani ni kusoma noti. Kwaya nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda hujifunza kwa solfa, yaani zile herufi za d, r, m zilizoenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 na kuletwa na wamisionari. Tamasha la muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limelea vizazi vya wanafunzi kwa njia hiyo.

Huko Texas, mwenzake ameanza kusoma noti za mistari mitano akiwa na umri wa miaka 11 au 12. Mashindano ya shule za jimbo hilo huwa na chumba maalum ambamo kwaya hupewa wimbo mpya na kuusoma papo hapo mbele ya majaji. Waliopita katika shule za sekondari za Irving wanalijua zoezi hilo. Asiyelijua, siku ya usaili huona kama amesimamishwa mahakamani.

Lakini kuna jambo ambalo wachache humwambia. Wanafunzi hao wa Texas, wanapousoma wimbo huo mpya, wengi wao huimba do, re, mi, tena ile do inayohama kulingana na ufunguo wa wimbo, na huonyesha kwa ishara za mkono ambazo Curwen ndiye aliyezieneza. Mfumo ni ule ule. Mwanafunzi wa Kiafrika sikio lake tayari linajua umbali kutoka so hadi do. Kinachokosekana ni jicho kuuona umbali huo kwenye mistari. Kazi hiyo ni ya miezi michache ya bidii ya kila siku, wala si ya miaka.

Mwongozaji anayelifahamu hilo ataongeza thamani kwa mwanafunzi. Asiyelifahamu atamwona hajui muziki. Ni heri mwombaji mwenyewe aseme katika usaili, bila kunong'ona, kwamba anasoma solfa, na aombe apewe ufunguo na aimbe.

Mawe ya Irving na barabara ya Houston

Si kila mpenda kwaya anataka kuwa mwanamuziki. Kwa kijana wa Irving anayesomea biolojia au falsafa, Chuo Kikuu cha Dallas kina Collegium Cantorum, kundi linaloimba muziki mtakatifu wa Kilatini wa karne za kale bila ala. Jirani na chuo hicho wanaishi watawa wa Kisisterisia waliotoka Hungaria, na kanisa lao, lililokamilika mwaka 1992, limejengwa kwa mawe makubwa ya chokaa ambayo kuta zake huirudisha sauti taratibu. Anayetoka katika parokia za Kilimanjaro au Kisii, ambako Misa za Kilatini bado hukumbukwa na wazee, hatajiona mgeni hapo. Ila chuo ni binafsi, na ile nafuu ya ada ya mkazi haikihusu. Kina ufadhili wake chenyewe.

Houston, karibu kilomita 400 kusini, ina mfano wa faida nyingine. Waongozaji Charles Hausmann na Betsy Cook Weber, waliofundisha katika shule ya muziki ya Moores ya Chuo Kikuu cha Houston, waliongoza pia kwaya ya okestra kuu ya jiji hilo. Mwongozaji mwenye mguu mmoja chuoni na mwingine mjini anajua nani anatafuta mwimbaji wa kulipwa Jumapili na shule ipi inahitaji mwalimu. Kwa anayesomea ualimu wa muziki, barua ya pendekezo kutoka kwa mtu wa namna hiyo ni mtaji.

Mwaafrika wa kwaya

Kuna swali moja ambalo wanafunzi wengine hawana haja ya kulifikiria. Wimbo "Baba Yetu" wa Christopher Tin, uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta mwaka 2005 kwa maneno ya Kiswahili ya Sala ya Bwana, ulishinda tuzo ya Grammy mwaka 2011, na tangu hapo umekuwa ukiimbwa na kwaya za shule na vyuo kote Marekani.

Mwanafunzi anayejua Kiswahili huombwa asahihishe matamshi. Hiyo ni heshima, na pia ni kipimo. Yupo mwongozaji atakayemwita mapema, amwulize maana ya kila neno, amwache asimame mbele na kuwaeleza wenzake kwamba irabu za Kiswahili hazipindwi na kwamba mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Yupo mwingine atakayemkumbuka wiki ya tamasha, ampe ngoma ambayo hajawahi kuipiga maishani na kumwomba avae kitenge. Tofauti kati ya wawili hao huonekana katika nyimbo za Kijerumani vile vile: anayejali maneno hujali yote.

Wasabato wana hesabu yao pia. Matamasha mengi hufanyika Ijumaa usiku na Jumamosi, na kwaya za Kisabato za Kenya na Tanzania zimetoa waimbaji wengi hodari. Baadhi huamua kwenda Keene, kusini mwa Fort Worth, kwenye chuo kikuu cha kanisa lao. Wanaobaki katika vyuo vya umma wazungumze na mwongozaji kabla ya kukubali nafasi, akiwa na ratiba ya muhula mzima mezani. Hali kadhalika mwanafunzi Mwislamu wa Mombasa au Zanzibar, ambaye atakuta sehemu kubwa ya nyimbo ni za ibada ya Kikristo, zikifundishwa kama sanaa. Wapo waongozaji watakaomtafutia njia, na wapo watakaomwambia achukue kozi nyingine.

Njia nyepesi ya kuwajua ni kuomba ruhusa ya kukaa nyuma ya chumba siku ya mazoezi ya kawaida, si siku ya tamasha. Waongozaji wengi hukubali. Tamasha huonyesha matokeo. Mazoezi huonyesha namna yalivyopatikana. Mgeni atazame dakika 10 za kwanza: je, sauti zinapashwa moto au wanarukia wimbo? Sehemu ikiharibika, mwalimu anaeleza sababu au anasema tu rudieni? Na anayekosea anaitwa kwa jina lake, au kwa kidole?

Aliyekosa kwaya aliyoitaka ana nafasi nyingine. Katika vyuo vingi usaili hurudiwa kila mwaka, na hata walioimba kwaya ya kwanza mwaka uliopita husimama tena katika foleni ile ile ya Agosti.